Kwanta ya Kukariri, Kwanta ya Kupima

Fizikia ya kwanta inasema kwamba mwanga hutoa nishati yake kwa mafungu, na kwamba elektroni hutawanyika kama wimbi. Je, hii ni elimu ambayo mtu wa Tegeta au Mbagala anaweza kuikagua kwa mikono yake, au ni habari ya kupokea kutoka mbali na kuikariri hadi mtihani wa kidato cha sita upite?

Nimekutanisha sauti tatu. Mwalimu ni mwanamke anayefundisha fizikia sekondari upande wa Tegeta, Kinondoni. Fundi anafunga sola na kutengeneza redio Tandika. Mama anauza askrimu na maji ya barafu Mbagala Rangi Tatu. Watu hawa nimewaunda mimi, lakini hoja walizobeba ndizo zinazosikika kila sayansi ya shuleni inapotajwa hapa mjini. Pale ambapo jambo litahitaji maelezo marefu, nitaingia katikati.

FUNDI: Nianze wazi, Mwalimu, bila kukuvunjia heshima. Nimefunga paneli miaka mingi, kutoka Tandika hadi Chamazi, na sijahitaji kwanta hata mara moja. Nahitaji mita, bisibisi, na kujua waya upi ni chanya. Ninyi mnawaambia watoto elektroni moja hupita njia mbili kwa pamoja. Mtoto akiuliza mmejuaje, anaambiwa ndivyo ilivyoandikwa. Kitu cha kukubali kwa kuwa kimeandikwa kina mahali pake, lakini mahali hapo si maabara.

MWALIMU: Hapo kwenye "ndivyo ilivyoandikwa" umesema kweli, na sina utetezi. Darasa langu lina wanafunzi wengi kuliko vifaa. Lakini nami nikuulize. Paneli ya wati mia, mchana wa jua kali, hujaiunganisha na kitu chochote. Mita inasoma ngapi?

FUNDI: Ishirini na moja, ishirini na mbili. Bati likipata moto sana inashuka kidogo.

MWALIMU: Na siku ya mawingu mazito ya masika?

FUNDI: Kumi na tisa, hata ishirini. Hapo ndipo wateja wanapodanganyika. Wanaona volti zipo, wanadhani betri inachaji. Ukiunganisha betri, ampea hazipo.

MWALIMU: Kwa hiyo mwanga umepungua sana, ampea zimepungua pamoja nao, lakini volti zimeyumba kidogo tu. Kwa nini kimoja kianguke na kingine kibaki?

FUNDI: Ndivyo paneli zilivyo.

MWALIMU: Sasa wewe ndiye uliyesema ndivyo ilivyo. Mimi nina sababu. Mwanga unaiachia silikoni nishati yake fungu kwa fungu, na fungu moja tunaliita fotoni. Fotoni moja yenye nguvu ya kutosha humwachilia elektroni mmoja. Jua likiwaka fotoni ni nyingi, elektroni ni wengi, ampea zinapanda. Wingu likija zinapungua. Lakini nishati ambayo kila elektroni anabaki nayo haipangwi na wingi wa mwanga. Inawekewa kikomo na silikoni yenyewe, elektroni-volti 1.1. Ndiyo maana seli moja hutoa kama volti 0.6, na seli 36 zilizofuatana hukupa hizo ishirini na kitu, kuwe na jua kali au wingu.

FUNDI: Hayo ni maelezo yako. Naweza kukujibu kwamba mwanga ni wimbi tu: wimbi dogo linasukuma elektroni wachache, wimbi kubwa linasukuma wengi, na volti ni tabia ya silikoni. Sijayahitaji mafungu yako.

Fundi yuko sawa hapa, na ningependa msomaji asimpite haraka. Paneli peke yake haimalizi ubishi. Inaonyesha kwamba idadi ya elektroni na nishati ya kila mmoja ni mambo mawili tofauti, basi. Ili wimbi lishindwe, lazima tulipeleke mahali ambapo lenyewe linatabiri jambo ambalo halitokei.

Mahali hapo palipatikana mwaka 1902, Ujerumani, kwa Philipp Lenard. Alimulika bamba la chuma kwa mwanga mkali ndani ya chombo kilichotolewa hewa, akapima elektroni wanaoruka wanatoka na nguvu kiasi gani. Kama mwanga ni wimbi tu, basi wimbi kubwa litawarusha kwa nguvu zaidi. Lenard aliongeza ukali wa mwanga karibu mara elfu. Elektroni waliongezeka idadi, lakini nguvu ya yule aliyeruka kwa kasi kuliko wote haikubadilika. Kilichoibadilisha ni rangi. Mwanga wa upande wa urujuani uliwatoa kwa nguvu kuliko wa upande mwekundu, na chini ya rangi fulani hakutoka hata mmoja.

Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 14 Desemba 1900, Max Planck alikuwa amesimama mbele ya wanafizikia wenzake mjini Berlin, jiji ambalo wakati huo ndilo lililoitawala Dar es Salaam. Alikuwa na kanuni iliyolingana na vipimo vya mwanga unaotoka kwenye vitu vya moto, na kanuni hiyo ilisimama tu kama nishati inagawanywa kwa mafungu. Baadaye Planck mwenyewe alieleza kwamba alifika hapo kwa kukata tamaa, baada ya njia nyingine zote kumshinda. Halafu Albert Einstein, mwaka 1905, mwaka uleule vita vya Maji Maji vilipolipuka Umatumbi, akasema mafungu hayo yamo katika mwanga wenyewe. Ukichukua marudio ya wimbi, yaani linapiga mara ngapi kwa sekunde, ukayazidisha kwa namba moja ndogo mno aliyoileta Planck, unapata nishati ya fungu moja.

Robert Millikan wa Chicago hakukubali. Alitumia karibu miaka kumi kujenga vifaa vya kumpinga Einstein, akikwangua metali ndani ya chombo kisicho na hewa ili uso wake usichafuke. Mwaka 1916 alichapisha matokeo: mstari ulionyooka, sawasawa na Einstein alivyosema, na mwinamo wa mstari huo ukampa namba ya Planck. Hata hapo aliendelea kusema kwamba mafungu hayaaminiki, ila kipimo kimelingana. Nawapenda watu hawa wawili, Planck na Millikan, kwa sababu kwanta ni elimu waliyoletewa na vipimo vyao wakati mioyo yao haikuitaka. Mwanafunzi anayepewa jibu bila kuonyeshwa ukaidi huo amenyimwa sehemu iliyo bora ya somo.

MAMA: Nimesikiliza. Mwalimu, umesema fotoni moja, elektroni mmoja. Nani amehesabu huyo mmoja? Mimi nikisema nimeuza askrimu mia, nina mifuko ya kuonyesha.

MWALIMU: Swali zuri, mama. Nitalijibu, lakini kwanza nikuonyeshe wimbi, maana bila hilo jibu halitakuwa na utamu. Kuna vile vitochi vyekundu vya leza wanavyochezea watoto. Chukua kimoja, kibane kisitikisike, ukielekeze kwenye ukuta ulio mita mbili, usiku. Mtu asikitazame usoni kabisa, kinaharibu macho. Sasa nyoosha unywele mmoja ukatize mbele ya mwanga.

MAMA: Kutakuwa na kivuli cha unywele.

MWALIMU: Kila mtu anasema hivyo. Utaona mstari mrefu uliokatwakatwa, mwanga, giza, mwanga, giza, kulia na kushoto. Mwanga uliopita upande huu wa unywele umekutana na uliopita upande wa pili. Panapokutana mlima kwa mlima panang'aa, panapokutana mlima kwa bonde panazimika. Ukiwa na unywele wa maikromita 80 na leza ya nanomita 650, giza moja hadi jingine ni kama milimita 16. Unapima kwa rula ya shule, kisha unarudi kinyume na kujua unene wa unywele wako.

FUNDI: Hilo nitalijaribu leo usiku.

MWALIMU: Thomas Young alifanya jamaa yake mjini London mwaka 1803. Aliingiza mwali wa jua kwenye chumba chenye giza, akaukata kwa ukingo wa kadi nyembamba. Alipoziba upande mmoja wa kadi, mistari ikatoweka. Hapo mwanga ukahesabika kuwa wimbi kwa miaka mia moja.

FUNDI: Sasa umejipinga. Kwanza mafungu, sasa wimbi.

MWALIMU: Hapo hapo ndipo walipofika wanafizikia. Ndipo Geoffrey Taylor, kijana wa Cambridge, mwaka 1909, akauliza: kama mwanga ni mafungu, nikiufifisha mpaka mafungu yawe yanapita kwa nadra sana, moja halina mwenzake wa kukutana naye, mistari si itapotea? Akafifisha mwanga kwa vioo vilivyopakwa moshi, akapiga picha ya kivuli cha sindano. Picha ndefu kuliko zote ilichukua kama miezi mitatu. Mistari ilikuwepo, kali vilevile.

MAMA: Bado hujaniletea mmoja aliyehesabiwa.

MWALIMU: Nakuletea. Japani, mwaka 1989, Akira Tonomura na wenzake wa kampuni ya Hitachi walitumia elektroni badala ya mwanga. Uzi mwembamba wenye chaji uliwapa elektroni njia mbili, kushoto na kulia. Waliwatoa kwa nadra kiasi kwamba mmoja alikuwa amekwisha kufika kabla mwingine hajaondoka. Mwishoni kulikuwa na kioo kinachoweka nukta pale kila elektroni anapogonga. Mama, nukta zinahesabika. Zilipokuwa kumi na moja, zilionekana kutapakaa ovyo. Zilipofika elfu chache, macho yakaanza kuona michirizi. Zilipofika 140,000, mistari ya wimbi ikasimama wazi.

MAMA: Kila mmoja alikuja peke yake?

MWALIMU: Peke yake.

MAMA: Na akajuaje mahali pa kutokwenda?

Mwalimu alinyamaza, na naona alifanya vizuri. Swali la Mama ndilo swali lenyewe. Nukta moja hufika mahali pamoja, haijawahi kuonekana nusu nukta. Lakini mahali zinapoepuka, ile michirizi ya giza, panapangwa na njia zote mbili kwa pamoja. Ukiziba njia moja, nukta zinaanza kuangukia hata kule zilikokuwa haziendi. Yaani kumwongezea elektroni njia ya kupita kunamnyima mahali pa kufika. Wimbi la kwanta, kwa jinsi Max Born alivyolieleza mwaka 1926, ndilo linalotupa uwezekano wa nukta kuanguka hapa au pale. Nukta inayofuata itaangukia wapi, hakuna anayeweza kuitabiri. Mia elfu zijazo zitaleta sura gani, hilo linatabirika kwa usahihi wa kushangaza.

FUNDI: Sasa niseme kinachonikera. Kuna video zinazunguka kwenye simu. Mtu amevaa suti, anasema wanasayansi wamethibitisha ukiitazama elektroni inabadilika, kwa hiyo ukiitazama pesa kwa imani nayo inakuja. Vijana wanaomaliza shule kwenu, Mwalimu, ndio wanaonitumia.

MWALIMU: Wananitumia na mimi. Ni kweli kwamba ukiweka kitu cha kubaini elektroni amepita njia ipi, mistari inafutika. Lakini mwenye macho hana kazi hapo. Mwaka 2003, Vienna, kikundi cha Anton Zeilinger na Markus Arndt kilipitisha molekuli kubwa za kaboni, zenye atomi 70 kila moja, wakapata mistari. Kisha wakaingiza gesi kidogo kidogo kwenye chombo. Kila gesi ilipoongezeka, mistari ilizidi kufifia, kwa kiasi kilekile hesabu ilichosema. Molekuli ya gesi ikigongana na ile ya kaboni inaondoka na alama ya mahali walipokutana. Alama ikishabaki mahali popote duniani, mistari basi. Gesi haina imani wala haitazami.

FUNDI: Hilo la gesi mngelifundisha, hao wenye suti wasingepata wateja.

Naliunga mkono neno hili kwa moyo wote. Tunapofundisha kwanta kama mafumbo, tunawaandalia watu soko. Kijana aliyeambiwa tu kwamba "kutazama kunabadilisha" hana silaha. Aliyeambiwa habari ya gesi anayo.

MAMA: Mimi nina langu la friza. Kuna wenzangu hapa Mbagala wanaingiza mchanganyiko ukiwa bado wa moto, wanasema unaganda upesi. Mimi nasubiri upoe, naogopa friza kuungua na LUKU kuisha. Nani kati yetu anajua? Au hilo halihusiani na kwanta yenu?

MWALIMU: Mama, linahusiana kuliko unavyodhani.

Linahusiana, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni habari yetu.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea askrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanaweka kwenye friza. Siku moja nafasi za friza zilikuwa zinagombaniwa. Mwenzake aliweka maziwa yasiyochemshwa. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaweka yake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado ni uji. Alipomuuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye alisikia kwamba wauza askrimu wa mjini Tanga walikuwa wakifanya hivyo makusudi.

Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, alilileta tena darasani. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Wanafunzi wakaishika kauli hiyo, wakawa wanamtania nayo kila alipokosea jambo. Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutoa mhadhara. Mpemba akasimama: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, vyombo sawa, friza moja, na ya nyuzi 100 yanaganda kwanza, kwa nini? Ukumbi ukacheka. Osborne hakukubali wala hakukataa. Alirudi Dar es Salaam, akamwagiza fundi wa maabara kupima. Fundi akaleta habari kwamba ya moto yalianza kuganda kwanza, ila wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi. Kurudia hakukuleta jibu jingine. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Mpemba wakati huo alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori chuo cha Mweka, karibu na Moshi.

FUNDI: Huyo fundi wa maabara namwelewa. Alikuwa na jibu tayari, kipimo kikamkatalia.

MAMA: Basi wenzangu ndio wanaojua.

MWALIMU: Taratibu, mama. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walirudia vipimo vya maji, wakapitia na vya wengine, wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha. Walionyesha kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya kikombe, unaweza kupata jibu lililogeuka. Maji ni magumu. Yanavukizwa, yanazunguka, mengine hushuka chini ya sifuri bila kuganda.

MAMA: Sasa alikuwa sahihi au hakuwa sahihi?

MWALIMU: Kuhusu maji wanabishana hadi leo. Lakini swali lake limezaa. Mwaka 2020, Kanada, Avinash Kumar na John Bechhoefer walichukua punje ndogo sana ya kioo ndani ya maji, wakaitengenezea hali ambayo iliyoanza mbali na utulivu ilifika mapema kuliko iliyoanza karibu. Waliweza kurudia maelfu ya mara. Halafu kwanta ikaingia. Wananadharia wa Italia wakaonyesha mwaka 2023 kwamba mfumo wa kwanta wenye vipande vingi unaweza kufanya vivyo hivyo. Mwaka 2024 matokeo yakatoka Innsbruck, Austria: ioni 12 za kalisi, zimepangwa mstari na kushikiliwa na nguvu za umeme. Kila ioni ina mwelekeo wake wa ndani. Walianza na mpangilio ulioinamishwa kidogo, kisha na ulioinamishwa zaidi, wakaziacha ioni ziathiriane. Ulioinamishwa zaidi, yaani uliovunja ulinganifu zaidi, ndio uliorudi mapema kwenye ulinganifu.

FUNDI: Bila joto?

MWALIMU: Bila friza, bila maziwa. Na jina walilolipa jambo hilo ni Mpemba ya kwanta.

Kwa hiyo "fizikia ya Mpemba", kauli iliyokuwa ya kumdhihaki mwanafunzi, leo ni jina la utafiti katika maabara za kwanta. Sitaki hili litumike kama pambo la fahari ya taifa na kuishia hapo. Ninachokitaka ni Osborne aliyeondoka Iringa na swali la mwanafunzi, akalipeleka maabara, na pia Burridge na Linden waliolipima upya miaka hamsini baadaye bila kujali limekuwa maarufu. Heshima kwa Mpemba ni kupimwa mara zote mbili.

FUNDI: Haya, nimekubali kwamba vipimo vipo. Lakini vyote ni vya Japani, Austria, Chicago. Ukitoa unywele na leza, ambavyo vinaonyesha wimbi, mimi Tandika nitapimaje fungu?

MWALIMU: Kwa taa zako. Una LED za rangi?

FUNDI: Nyekundu, njano, kijani, bluu, zote. Nyeupe nisiitumie, sivyo? Nyeupe ndani yake ni bluu iliyopakwa unga wa njano.

MWALIMU: Hasa, usiitumie. Chukua betri ya volti 9, rezista ya kuilinda taa, na ile voliumu ya redio mbovu. Zima taa za kibandani. Zungusha taratibu mpaka LED ianze tu kuonekana, hapo simama, soma volti kwenye miguu ya taa. Nyekundu itaanza kwenye 1.7 hivi. Bluu haitaanza mpaka uvuke 2.4 au 2.5.

FUNDI: Hilo najua. Kila siku naliona. Taa ya bluu haiwaki kwa betri mbili ndogo zilizochoka, nyekundu inawaka.

MWALIMU: Na sababu yake ni Planck. Ndani ya LED elektroni mmoja anatoa fotoni moja. Fotoni ya bluu ni ghali kuliko nyekundu, kwa hiyo elektroni lazima apewe volti zaidi ili aweze kuilipia. Urefu wa wimbi la nyekundu ni kama nanomita 630, bluu 470. Zidisha volti kwa chaji ya elektroni, zidisha kwa urefu wa wimbi, gawanya kwa kasi ya mwanga. Utapata kama 6 ikifuatiwa na kuhamisha nukta mara 34 kwenda kushoto. Namba ya vitabuni ni 6.626. Hutaifikia sawasawa, kwa sababu joto la kibandani huwasaidia elektroni kidogo na taa inaanza kuonekana mapema. Lakini rangi zote zitakuzungushia palepale.

FUNDI: Namba moja kwa rangi zote?

MWALIMU: Karibu moja. Hata ukinunua LED za kiwanda kingine.

MAMA: Na hiyo namba inanihusu nini mimi?

MWALIMU: Mama, unanunua sukari kwa kilo. Tangu 1889 kilo ilikuwa kipande cha madini ya platini na iridi kilichofungiwa karibu na Paris, na mizani zote duniani zilikifuata hicho. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kipande hicho kimestaafu. Kilo sasa imefungwa kwenye namba ya Planck, iliyotangazwa kuwa 6.62607015 kamili, bila kubaki. Wakala wa Vipimo wanapopiga mhuri mizani ya duka unaponunulia, ukifuata mnyororo wa vipimo hadi mwisho unakuta kwanta.

MAMA: Basi nina haki ya kuiuliza.

FUNDI: Limenibakia moja, Mwalimu, na usinipe jibu la mtihani. Kati ya pale elektroni anapotoka na pale anapoweka nukta, yuko wapi?

MWALIMU: Jibu la mtihani silo ninalokupa. Hesabu inasema nini kitapimwa, na haijakosea. Yuko wapi katikati, wanafizikia hawajakubaliana. Einstein na Niels Bohr walilibishania tangu mkutano wa Brussels wa 1927. Mwaka 1964 John Bell, mtu wa Belfast, akagundua kwamba sehemu ya ubishi huo inaweza kupimwa. John Clauser akapima Marekani mwaka 1972, Alain Aspect akapima Ufaransa mwaka 1982, na pamoja na Zeilinger wakapewa Nobeli mwaka 2022. Kilichoangushwa ni dhana kwamba kila chembe hutembea na majibu yake yote mfukoni tangu mwanzo, bila kuathiriwa na kinachofanyika mbali. Zilizobaki ni kadhaa, na zote zinalingana na vipimo vilivyopo.

FUNDI: Kwa hiyo hamjui.

MWALIMU: Hilo hatujui. Mengine niliyokueleza tunayajua.

FUNDI: Ungeanza na hapo, tungepatana mapema. Walete wanafunzi wako Jumamosi. Nikishusha mlango wa kibanda, giza lipo la kutosha. Sharti langu, namba wataiandika kama walivyoisoma. Kitabu kikisema 6.6 nao wakapata 5.9, waandike 5.9.

MWALIMU: Watasita. Wamezoea kurudi nyuma kutoka kwenye jibu.

FUNDI: Ndiyo maana waje kwangu, hakuna maksi.

MAMA: Na vikombe viwili vya maji je? Friza yangu Jumapili usiku huwa nusu tupu.

MWALIMU: Tutahitaji vikombe vinavyolingana na vipimajoto viwili, na tukubaliane kina cha kuviweka. Halafu kabla hatujaanza tuamue tunaposema yameganda tuna maana gani, yameanza kuonyesha barafu juu au yamekuwa barafu mpaka chini.

MAMA: Mteja wangu hanunui mpaka iwe barafu mpaka chini.

MWALIMU: Basi tuandike hivyo.